Fuwele za Kusikilizia Nyuki

Kwenu mnaokuja kushika meza yangu,

Mtacheka kusikia mtu wa miaka thelathini na sita anajiita mstaafu. Chekeni tu. Miaka kumi na miwili nimekuwa nikibonyeza vitu nione kama vitatoa umeme: mitano Dar es Salaam kwenye kauri, saba hapa Tabora kwenye fuwele. Mradi umefika mwisho, na mimi naenda Nzega kufundisha fizikia sekondari. Nawaachia meza, kabati la mninga, na makopo manne yenye mafuta ya taa chini ya miguu ya kabati. Makopo hayo msiyaondoe. Nitaeleza.

Nianze na kitu chenyewe, kwa sababu mimi nilipoanza kazi nilikaa miezi nikiona aibu kuuliza. Kuna vitu ambavyo ukivibana vinatoa umeme kidogo, na ukivipa umeme vinajinyoosha. Kiberiti cha jiko la gesi kina kipande cha namna hiyo, na mashine ya kumtazama mtoto tumboni inacho pia. Mara nyingi kipande hicho ni kauri: unga uliosagwa, ukashindiliwa, ukachomwa kwenye tanuri kali kuliko la mfinyanzi yeyote. Ni kitu kizuri, sitawadanganya. Kina nguvu na kinavumilia. Ubaya wake ni kwamba sehemu kubwa ya ule unga ni madini ya risasi, na risasi ni sumu mwilini.

Mimi unga huo niliuvuta. Barakoa tulikuwa nazo, ila Dar kuna joto, na mtu wa miaka ishirini na tano huivaa barakoa kidevuni. Siku daktari aliponionyesha majibu ya damu nilibishana naye. Niliuliza kipimo chenu mmekikagua lini, sindano ilikuwa safi, kwa nini wenzangu hawaumwi. Alinisikiliza mpaka nikachoka, kisha akasema, "Dada Salma, rudia kipimo hospitali yoyote unayoitaka. Ila kesho usiingie kwenye chumba kile." Nilirudia mara mbili. Majibu yalikuwa yale yale. Namshukuru kwa kuniacha nibishe, na namshukuru zaidi kwa ile sentensi ya pili.

Ndivyo nilivyorudi nyumbani Isevya, hapa Tabora, na ruzuku ndogo ya kujaribu kitu ambacho mwenyewe sikukiamini: fuwele za molekuli. Hizi zinajikusanya majini zenyewe, kama chumvi inavyoganda ukingoni mwa sufuria. Hazihitaji tanuri, wala hazina risasi. Zinapinda kidogo kabla ya kuvunjika, tofauti na kauri. Kwenye karatasi zinapendeza sana. Kwenye meza zinayeyuka mvua ikinyesha, zinapasuka ukizitazama vibaya, na umeme wake ni mdogo. Nilisema nitajaribu mwaka mmoja, nithibitishe kwamba hazifai, nitafute kazi nyingine.

Mtu wa kwanza kunicheka alikuwa Mzee Hilali. Yeye ni fundi redio karibu na soko, wa zile familia za Kiarabu zilizokaa mjini hapa tangu wakati wa misafara. Nilikwenda kwake kutafuta amplifaya ya zamani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si binti wa Ramadhani wa Isevya? Nasikia umerudi na maradhi ya kisomi."

Nikamweleza ninachotaka kufanya. Akainuka taratibu, akavuta droo, akatoa kichwa cha santuri, kile kidude kinachoshika sindano. Akakifungua kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na uji mkavu mweupe.

"Hicho ndicho kitu chako kipya," akasema. "Baba yangu alivitengeneza hivi mimi sijazaliwa. Ni fuwele, inabonyezwa na sindano, inatoa umeme, santuri inaimba. Masika ikiingia inakuwa uji. Kiangazi kikikaza inakuwa unga. Ndiyo maana wakaleta kauri."

"Sasa kwa nini nihangaike nazo?"

"Unaniuliza mimi? Mwenye digrii nani?"

Kisha akanifundisha, na nusu ya ninayoyajua yanatoka kwenye duka lile. Karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, ukiisugua kwa kijiko mpaka ilale, inashika umeme kwenye uso wa fuwele vizuri kuliko rangi ya bei kubwa niliyoiagiza. Waya usichomee juu ya fuwele, joto la risasi ya kuchomea linaiua. Ubane kwa kibanio. Mbegu ya fuwele itundikwe kwa uzi wa chandarua. Mimi nilikuwa natumia unywele wangu mwenyewe, na unywele hujisokota hewa inapobadilika, kila siku fuwele ikageuka upande. Na kubwa kuliko yote, akasema, baba yake alizichovya fuwele kwenye nta ya nyuki, na zilizochovywa zilipita masika mbili tatu bila kuwa uji. Hiyo nta ishikeni akilini.

Makopo sasa. Kitu nilichochagua kukuza kinaitwa glisini. Ni kitamu. Sikukifikiria kama kitamu, nilikifikiria kama molekuli. Wiki tatu nilikuza fuwele nane kama kidole gumba, nikaenda harusini siku moja, niliporudi sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka dirishani hadi ndani ya kabati. Fuwele mbili zilikuwa zimechimbwa mashimo. Shangazi yangu Mwajuma, ambaye nakaa kwake, aliufuata mstari ule kwa macho. Alileta makopo manne ya maziwa, akamimina mafuta ya taa, akainua mguu mmoja mmoja wa kabati kama anavyofanya kwa kabati lake la vyakula. Akaniambia, "Chuo kikuu hawafundishi hili?" Nikamjibu hapana. "Basi warudishe ada."

Shangazi huyo huyo ndiye aliyeniokoa mara ya pili, bila kukusudia. Kwa miezi mitano fuwele zangu zilikuwa nzuri na bubu. Unazibana, sindano ya mita ya umeme haitikisiki. Nilibadilisha mita, nikabadilisha waya, nikamlaumu Mzee Hilali, nikamlaumu aliyeniuzia glisini. Siku moja chombo changu cha kuchemshia kikapasuka, nikachukua sufuria jikoni, nikaisuuza haraka haraka. Ilikuwa sufuria ya karanga. Shangazi huuza karanga za chumvi. Anazichemsha kwenye maji ya chumvi nyingi mpaka sufuria inaota ukoko mweupe kwa ndani. Wiki mbili baadaye zikatoka fuwele za umbo nisilolijua, zimechongoka upande mmoja. Nilitaka kuzitupa. Nikabana moja kwa kidole, kwa hasira tu, na sindano ikaruka.

Kumbe glisini ina namna zaidi ya moja ya kujipanga. Kwenye maji matupu hujipanga kwa namna ambayo umeme wa molekuli hii unafutwa na wa ile. Ukitia chumvi ya kutosha hujipanga kwa namna nyingine, na umeme unabaki. Nilikimbilia kompyuta kuandika ugunduzi wangu. Dakika kumi tu nikakuta wenzetu waliujua siku nyingi, umeandikwa wazi, na mimi sikuwa nimesoma. Nawaambia hili bila kuona haya: someni kwanza. Ila nawaambia pia kwamba kama ningekuwa nimesoma tu, nisingebana ile fuwele kwa kidole.

Sasa niwapeleke Tura, maana huko ndiko kazi hii iliposimama au kuanguka.

Mzee Kulwa ni mrina asali. Mizinga yake ya magogo ameitundika juu ya miti ya mitundu porini, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka stesheni. Nilijuana naye nikiwa natafuta nta. Mwaka uliotangulia alikuwa ameanguka mtini, mguu wa kulia ukaungwa na kupona vibaya. Mrina asali wa zamani hupanda kila mti kuangalia mzinga upi una asali na upi nyuki wamehama. Yeye hakuweza tena.

"Mguu huu unanipa miti mitatu kwa siku," aliniambia. "Ukiwa mtupu mmoja, siku imekwisha. Ikiwa mitupu mitatu, nimepanda kwa ajili ya mijusi."

Mkewe, Mama Shija, alikuwa anapepeta mahindi pembeni. Akasema bila kuinua macho, "Na mimi nimeshamwambia. Msimu huu akipanda ovyo tena, mizinga naipasua kuni. Sitamwuguza mara mbili."

"Anatania," Mzee Kulwa akasema.

"Shoka liko wapi?" Mama Shija akauliza.

Nikaona kazi ni nyepesi. Unaweka kipande cha kauri ndani ya mzinga, waya unashuka hadi chini, mzee anavaa vifaa vya masikioni na kusikiliza nyuki akiwa ardhini. Kauri za kengele zinauzwa dukani kwa bei ya soda. Nilimfungia moja, akaipigilia mwenyewe kwa msumari. Akasikiliza, akatabasamu, akasema, "Wamo, na wamekasirika."

Alipourina mzinga ule, kauri ilikuwa imepasuka pale penye msumari, na vipande vimezama kwenye masega. Nilisimama chini ya mti nikitazama ndoo ya asali ya dhahabu, nikijua kilichomo kwenye vile vipande. Sikuwa na kipimo cha kusema ni kiasi gani kimeingia kwenye asali. Pengine si kitu. Lakini nilikuwa na majibu ya damu yangu kwenye mkoba.

Nikamwambia, "Mzee, hii asali imwage."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Akafikiri. "Hiyo risasi, na wewe uliila?"

"Niliivuta."

"Ukajua kabla au baada?"

"Nilijua kabla."

Aliimwaga yote shimoni, akafukia kwa jembe. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi lete kitu ambacho hata kikivunjika nitakula asali yangu." Mimi nilikuwa mtu wa kuuliza kila kitu kwa nini, na hapo kwa mara ya kwanza nikajua kwa nini nakuza fuwele.

Nikarudi kwa Mzee Hilali. Tukachagua fuwele nyembamba sita, tukazivalisha karatasi ya fedha, tukazichovya kwenye nta ya nyuki mara tatu kama baba yake alivyofanya. Nta ile niliinunua kwa Mzee Kulwa mwenyewe. Tulijiona werevu: kila kitu ni cha hapa hapa, hakuna cha kumdhuru mtu. Mzee Kulwa akazifunga mwenyewe kwenye mizinga sita, miti mitatu kwa siku. Ndani ya vifaa vya masikioni sauti ilikuwa ndogo lakini safi. Mzee Kulwa alisikiliza mzinga hata mzinga akiwa amekaa kwenye kigoda. Mama Shija naye alivaa mara moja, akavivua, akasema, "Kelele hizi ndizo ulizovunjia mguu?"

Mwezi haujaisha, Mzee Kulwa akanipigia simu. "Binti, mizinga yako imekufa. Yote sita. Na kurina ni baada ya wiki tano."

Nilikwenda na mita, waya, betri na maelezo manne tofauti ya kitaalamu. Tukashusha mzinga mmoja kwa kamba, jioni jua likiwa bado lipo, tukaupulizia moshi. Fuwele haikuwepo. Karatasi ya fedha ilikuwepo, waya ulikuwepo, na katikati palikuwa na unyevu mtamu kidogo.

Mzee Kulwa alishika waya ule, akanusa, akanitazama. Kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Ulikipaka nini?"

"Nta."

"Nta ya nyani?"

"Ya nyuki."

"Ukaiweka wapi?"

Nilikuwa nimeshaelewa. Nyuki hutumia kazi kubwa kutengeneza nta. Wakiikuta imekaa bure, wanaichukua wakajengee. Walikuwa wameivua fuwele yangu nta yote, na mvuke wa mzinga ukamalizia. Mimi na Mzee Hilali, digrii mbili na miaka hamsini ya ufundi, tulichukua nta ya nyuki tukaenda kuwawekea nyuki, tukategemea waiache. Ni watu wa mjini tu wanaoweza kufanya hivyo.

"Santuri za baba yake hazikuwa na nyuki," Mzee Kulwa akasema akijifuta machozi.

Nilimwomba radhi. Nilimwambia sijui la kufanya kwa wiki tano, na kwamba kama ni kuni, ni kosa langu. Yeye alikuwa anachokonoa ndani ya gogo kwa kisu. Akatoa kitu cheusi, kigumu, kama ukubwa wa yai, akanipa.

"Unajua nini hiki?"

"Jiwe?"

"Panya. Aliingia humo akafa. Nyuki hawana nguvu ya kumtoa, na hawataki aoze. Wamempaka gundi yao. Huyo amekaa humo mwaka wa pili. Mnuse."

Nilinusa. Alinukia utomvu na udi. Kitaalamu ni propolisi, wengine huiita gundi ya nyuki. Nyuki huiokota kwenye magome na kuzibia nyufa. Warina asali wengi huikwangua na kuitupa.

"Nta ni mali yao, wataichukua," akasema. "Gundi ni ya kufunikia kitu wasichotaka kukigusa tena. Kifanye kioo chako kiwe panya."

Nilirudi Tabora na mfuko mzima wa gundi. Mzee Hilali nilipomweleza alivua miwani, akaifuta. "Kwa hiyo mimi nimekosea," akasema. Nikamwambia tumekosea wote. "Hapana, mwanangu. Wewe uliniamini. Siku zote unabisha, ile siku moja ya kubisha ukaniamini." Halafu akawa wa kwanza kuiyeyusha gundi kwenye spiriti, akachuja kwa kitambaa cha kanzu kuukuu, akapaka fuwele kwa brashi ya rangi, tabaka saba, kila tabaka likikaushwa kivulini. Zilitoka rangi ya chai. Nikaziweka kwenye ndoo ya maji siku nne. Hazikuyeyuka. Nikaziweka siku nne nyingine, kwa kuwa sikuamini. Kisha Mzee Kulwa akazifunga kwenye mizinga ile sita, tena kwa siku mbili.

Siku ya kurina ilipofika nilikuwa Tura asubuhi. Mama Shija alikuwa mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia, na nikaona shoka limeegemezwa ukutani nyuma yake.

Mzee Kulwa alisikiliza mizinga yote sita akiwa chini. Kwenye wa kwanza akasema, "Wapo, ila wachache." Wa pili, "Huu una watu, umejaa." Wa tatu, "Mtupu." Wa nne umejaa, wa tano mtupu, wa sita umejaa. Aliniambia huusikia mzinga wenye asali unavuma kwa chini, kizito, kama watu waliokwisha kula. Mimi sikutosheka. Nikamwuliza, utajuaje kwamba fuwele ya ule mtupu haikufa kama zile za mwanzo? Hujasikia kitu, kutosikia si ushahidi.

"Panda uone," akasema.

"Mimi?"

"Mimi nina miti mitatu. Nimeshaichagua."

Basi nikapanda. Sikuwahi kupanda mti tangu darasa la nne. Mama Shija alinishikia kamba, akinielekeza pa kuweka mguu, na akasema kwa upole ambao sikuutegemea, "Polepole, mwanangu, mmoja wa kuuguza ananitosha." Nilifika kwenye mzinga wa tatu, nikagonga gogo kwa kidole karibu na fuwele. Chini mzee akainua mkono: amesikia. Fuwele ilikuwa hai. Nikachungulia ndani. Palikuwa na mjusi mmoja na masega makavu. Nikashuka, nikapanda wa tano. Fuwele hai, mzinga mtupu.

Mzee Kulwa alipanda miti yake mitatu, na yote mitatu ilikuwa na asali. Alishuka wa mwisho kabla ya saa kumi, mifupa yote ikiwa mizima. Mama Shija alionja kidole kimoja, akaniuliza mbele yake, "Hii haina ile dawa?" Nikamwambia haina, na kama fuwele ingepasuka humo angekula kitu kitamu kisicho na risasi. Akachukua lile shoka, akaenda kupasua kuni za mti mkavu uliokuwa uwanjani, akatuchemshia chai.

Hayo yamepita muda sasa. Hatukuishinda kauri. Mashine ya kutazama mtoto tumboni bado inaihitaji, na yeyote atakayewaambia fuwele zetu zitafanya kila kitu, mwulizeni maswali mpaka achoke. Zinaweza kazi chache, kwa watu wanaohitaji kula karibu nazo. Kwangu inatosha. Kipimo changu cha damu cha mwisho kilikuwa kizuri, nikakirudia, kikawa kizuri tena.

Juzi nilikwenda Tura kuaga na kukusanya vifaa vya mradi, kama barua ya kufunga mradi ilivyotaka. Nilifungua nyaya tano. Mzinga wa sita, ule wa mtundu ulio karibu na kichuguu, Mzee Kulwa alinizuia.

"Huo uache. Andika umepotea."

"Siwezi kuandika uongo, mzee."

"Basi andika umefunikwa na nyuki."

Nilivaa vifaa vya masikioni nikasikiliza. Kweli walikuwa wameifunika fuwele kwa gundi yao. Sauti imekuwa nzito kidogo, ila ipo. Kwenye fomu nimeandika: *kifaa namba sita kinafanya kazi, kimebaki kazini*. Mtakiona karatasini mtakapofungua faili. Msinisadiki. Nendeni Tura, mwamkieni mzee na mkewe, mkae kwenye kigoda, msikilize wenyewe. Na mmoja wenu apande ahakikishe. Mama Shija atashika kamba.